Meno ya Utotoni: Yatang'oka, Lakini Si Leo

Jino la utotoni likiisha kung'oka lenyewe, huonekana halina mzizi. Ukiliweka kiganjani utaona kipande cheupe kisichozidi punje ya hindi, na upande wake wa chini, pale ambapo mtu angetarajia mzizi, pana shimo lenye kingo zilizochakaa kana kwamba mdudu alipita akilitafuna. Wazazi wengi wameliona jambo hili kwa macho yao, na kutokana nalo wakafikia hukumu inayoonekana kuwa na mantiki: meno ya watoto hayana mizizi, yamepachikwa tu juu ya ufizi, kwa hiyo yakioza si neno. Mimi pia niliamini hivyo, mpaka jino la kwanza la binti yangu liliponifanya nianze kuwauliza wanaojua.

Mzizi ulikuwepo. Gego la mtoto wa miaka minne lina mizizi mirefu, miwili likiwa la taya la chini na mitatu likiwa la taya la juu, tena mizizi iliyotanuka kama miguu ya kigoda. Katika nafasi iliyo kati ya miguu hiyo, ndani ya mfupa, limelala chipukizi la jino la ukubwani. Chipukizi hilo linapokua na kuanza kupanda, seli maalumu za mwili huuyeyusha mzizi wa jino lililo juu yake kidogo kidogo, kwa miezi mingi na wakati mwingine kwa miaka, mpaka jino la zamani linabaki limeshikwa na ufizi peke yake. Hapo ndipo linapoanza kulegea, mtoto akawa analisukuma kwa ulimi darasani kutwa nzima, na siku moja likabaki kwenye andazi. Kwa hiyo shimo lile la kiganjani ni alama ya kazi iliyokamilika kwa wakati wake. Jino linaloondolewa kabla ya wakati huo hutoka na mizizi yake yote, na huacha nyuma mfupa ambao mwenyeji wake mpya hajawa tayari kuuchukua.

Anayetaka kuliamini hili bila kubishana na atazame picha ya eksirei ya taya la mtoto wa miaka sita. Meno yamepangwa kwa ghorofa mbili: ya juu yanayoonekana mtoto akicheka, na chini yake, ndani ya mfupa, mengine makubwa zaidi yakingoja zamu, baadhi yakiwa na taji bila mzizi. Kinywa cha mtoto huyo kina meno mengi kuliko cha baba yake, na kila linalolipata la juu linaweza kulifikia la chini.

Neno linalotupoteza ni lile la "muda", tunapoyaita haya meno ya muda. Nikiwa katika ukumbi wa kungojea wa kliniki moja ya meno hapa jijini, nilimsikia mama mmoja, mtoto wake wa miaka mitano akiwa amemlalia mapajani na shavu limefura, akimwambia daktari aliyetoka kumpokea: "Daktari, si umng'oe tu hilo? Hata hivyo ni la utoto, litatoka tu." Daktari hakumpinga. Alimuuliza tu kama anajua lingetoka lini. Mama akasema labda mwaka ujao, mtoto akiingia gredi ya kwanza. Jino lenyewe lilikuwa gego la nyuma, na zamu yake ya kung'oka ilikuwa miaka mitano au sita mbele.

Hesabu yake ni hii. Mtoto huota meno 20, kumi katika kila taya: manne ya mbele, chonge mbili na magego manne. Yalianza kujengwa akiwa tumboni, katika wiki ya sita hivi ya mimba, na kufikia mwezi wa nne yalikuwa yameanza kuwa magumu. Yale mawili ya mbele ya chini hujitokeza mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 10, na yote 20 huwa yametimia anapokaribia miaka mitatu. Kung'oka nako huanzia mbele, akiwa na miaka 6 au 7, na kwa sababu mapengo hayo ya mbele ndiyo tunayoyaona, ndiyo yanayopigwa picha na kuchekewa, tunadhani kazi yote huisha hapo. Chonge na magego hubaki mpaka kati ya miaka 9 na 12. Gego la pili huota mtoto akiwa na miaka miwili na kitu, na huenda likatafuna hadi miaka 11. Matatu iliyohudumu miaka minane katika Barabara ya Jogoo hakuna ambaye angeiita gari la muda.

Kuna jambo jingine linaloongeza mkanganyiko katika umri ule ule wa miaka sita. Wakati mzazi anashughulika na meno ya mbele yanayolegea, nyuma kabisa ya kinywa, baada ya gego la mwisho la utotoni, huchomoza gego jipya, moja kila upande, juu na chini. Halimng'oi yeyote, halisababishi pengo, na mara nyingi halilalamikiwi, ndiyo maana halionekani. Hilo ni jino la ukubwani, la kudumu maisha yote, na wengi hulichukulia kuwa mojawapo ya yale yatakayong'oka. Mtu akikuambia kwamba mtoto wake wa miaka minane ana tundu kwenye "jino la utoto" la nyuma kabisa, uwezekano ni mkubwa kwamba anazungumzia jino ambalo halina mrithi.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo jino la utotoni huifanya hata likiwa limenyamaza, nayo ni kulinda nafasi. Meno hayakai mahali pamoja kama misumari ukutani. Kila jino husukuma taratibu kuelekea mbele, na kinacholizuia ni jirani yake. Gego la utotoni likiondolewa mtoto akiwa na miaka mitano, lile gego jipya la miaka sita linapochomoza hukuta mbele yake pana uwazi, nalo huinamia na kusogea humo. Mkazi yeyote wa Nairobi anajua yanayokipata kiwanja kilichoachwa wazi bila ua. Miaka mitano baadaye, mwenye hati halali anapanda kutoka kwenye mfupa, anakuta nafasi yake imekwisha kukaliwa, na anachobakiwa nacho ni kutokea upande wa ulimi, upande wa shavu, au kukwama ndani asitokee kabisa. Meno yaliyobanana na kupandana, ambayo familia nyingi husema ni ya kurithi, mara nyingine yalianzia kwenye gego lililong'olewa mapema kuliko haki yake.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Madaktari wa meno ya watoto wanacho kifaa cha kushikilia pengo lisizibwe, pete ndogo ya chuma inayovishwa gego la jirani ikiwa na waya uliopinda kufikia jino la mbele, nacho husaidia kweli pale ambapo kung'oa kulikuwa hakuepukiki. Hata hivyo waya hautafuni, unahitaji kukaguliwa mara kwa mara, na lazima uondolewe jino jipya linapochomoza. Inafaa pia kusema kwamba mapengo hayalingani uzito: jino la mbele lililopotea kwa kuanguka mtoto akiwa na miaka minne, chonge zikiwa zimekwisha kuota, kwa kawaida haliachi nafasi izibwe, na hasara yake ni ya sura na matamshi zaidi. Gego ndilo lenye hasara ya miaka mingi.

Kutafuna na kusema hakuhitaji maelezo marefu. Mtoto mwenye magego yanayouma huhamia kwenye vyakula laini, hula kidogo, hulala vibaya, na asubuhi mwalimu humwona kama mtoto mzito wa kuelewa. Kuhusu matamshi, mwambie mtoto asiye na meno ya mbele ya juu aseme "fedha". Neno hilo lina sauti mbili zinazohitaji meno, na utasikia mwenyewe jinsi pumzi inavyopita pasipo pa kuishika.

Uozo wenyewe ndio unaostahili kuelezwa kwa utulivu, kwa sababu watu wengi wanajua kuwa sukari huozesha meno lakini hawajui ni kwa njia gani, na bila kujua njia mtu hukataza kisicho na madhara akaruhusu chenye madhara. Juu ya kila jino hutanda utando mwembamba wa bakteria. Bakteria hao wakipata sukari huigeuza kuwa asidi kwa muda wa dakika chache, na asidi hiyo huyavuta madini kutoka kwenye enameli, yaani ganda gumu la nje la jino. Mate hufanya kazi ya kinyume: huipunguza asidi makali na kuyarudisha madini, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi bila sukari mpya. Jino huoza pale ambapo mashambulizi ni mengi kuliko nafasi za kupumzika. Ndiyo sababu idadi ya mara ambazo mtoto anakula au kunywa kitu kitamu ina uzito kuliko kiasi cha sukari anachokula kwa mara moja.

Hebu tuifuate siku ya mtoto wa chekechea katika mtaa kama Umoja au Kayole. Saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya gari la shule, anapewa chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari. Kwenye gari ana biskuti alizopewa ili asilie. Saa nne shuleni kuna uji wenye sukari, saa saba juisi ya pakiti anayoinyonya kwa mrija mchana kutwa, akirudi kuna peremende aliyonunuliwa na mjomba, jioni chai nyingine, na usiku chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari ili alale. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mzazi angekiona kuwa ni kumdekeza. Lakini meno ya mtoto huyo yamekaa kwenye asidi mara saba tangu alfajiri, na mate yamepata nafasi chache za kumaliza kazi. Mwenzake aliyekula sukari ile ile pamoja na chakula cha mchana, kisha akanywa maji na kukaa mpaka jioni, ameshambuliwa mara chache zaidi.

Chupa ya usiku ndiyo mbaya kuliko vyote, na sababu zake ni mbili. Mtu akilala, mate hupungua sana, hivyo mlinzi mwenyewe huwa amesinzia. Pili, mtoto anaponyonya, ulimi huyafunika meno ya mbele ya chini, na maziwa matamu hutuama nyuma na juu ya yale ya mbele ya juu. Ndiyo maana uozo wa watoto wadogo una sura yake ya pekee: manne ya mbele ya juu yameliwa hadi kwenye ufizi ilhali yale ya chini yanang'aa. Anayeona sura hiyo anaweza kujua habari ya chupa kabla ya kuuliza. Maziwa ya mama hayapaswi kuingizwa katika lawama hii kwa pupa. Mtoto na anyonye kama wataalamu wa afya wanavyoshauri, ila meno yakishaota yasafishwe, na baada ya mwaka wa kwanza isiwe desturi kulala usiku kucha titi likiwa mdomoni. Dawa za maji za kikohozi nazo nyingi hutiwa sukari, na hupewa usiku. Tone la maji baada yake si jambo kubwa kumwomba mzazi.

Kasi ya uozo katika meno ya watoto huwashtua hata waliozoea kuona meno mabovu. Enameli ya jino la utotoni ina unene wa takriban milimita moja, karibu nusu ya ile ya mtu mzima, na kiini chake chenye mishipa ya damu na ya fahamu ni kipana kikilinganishwa na jino lenyewe. Safari ambayo kwa mtu mzima ingechukua miaka, kwa mtoto huenda ikakamilika kwa miezi. Bahati nzuri ni kwamba safari hiyo ina kituo cha kwanza ambapo mtu bado anaweza kurudi. Kabla ya tundu kutokea, huonekana mstari mweupe usio na mng'ao, kama alama ya chaki, kwenye jino karibu kabisa na ufizi. Mzazi akiuinua mdomo wa juu wa mtoto mchana, mahali penye mwanga, mara moja kwa mwezi, atauona. Mstari huo unaweza kurudishiwa madini yake. Ukishageuka kahawia na kulainika, umekwisha kuwa tundu.

Asipouona, mambo huendelea. Bakteria hufika kwenye kiini, kiini hufa, na usaha hutafuta njia ya kutokea. Mara nyingi kipele kidogo huvimba kwenye ufizi, kikapasuka, na maumivu yakatulia. Hapa ndipo familia nyingi hupumua na kusema jino limepona, au dawa iliyonunuliwa duka la dawa imefanya kazi. Jino halikupona, limekufa, na usaha umepata mlango. Kwa kuwa mizizi yake imelikumbatia lile chipukizi la ukubwani, maambukizi yanaweza kuufikia ujenzi unaoendelea, na jino jipya likaja kutokea likiwa na doa la kahawia au mashimo ambayo hakuna mswaki utakaoyaondoa. Na usaha ukikosa mlango, uso hufura. Mtoto mwenye uvimbe wa shavu au wa chini ya taya, akiwa na homa, au akishindwa kumeza au kufungua kinywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili usiku. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022, lilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza bila kutibiwa, kwa hiyo mama yule wa ukumbini hakuwa peke yake, wala hapakuwa na sababu ya kumwonea haya.

Kuna imani moja inayohusu meno haya ambayo siwezi kuipita, kwa sababu bado inawaumiza watoto wachanga. Huitwa "meno ya plastiki" hapa kwetu, na majirani zetu wa Tanzania huyaita ya nailoni. Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, ana homa, anakataa kunyonya. Mtu anamfungua kinywa, anaona ufizi umevimba na kuwa mweupe pale chonge zitakapotokea, na kuamua kuwa meno mabaya ndiyo yanayomuua. Kisha huyafukua kwa kisu, waya au spoku ya baiskeli. Kinachotoka ni kitu cheupe, laini, kinachopinda kama plastiki, na mzazi anaamini ameoneshwa ushahidi. Hicho ni chipukizi la chonge la kawaida kabisa. Ni laini kwa sababu halijakomaa, maana chonge huota mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 16 na 22. Madhara ya kulifukua ni damu nyingi, maambukizi, pepopunda, na mara nyingi chonge ya ukubwani isiyoota au inayoota ikiwa kilema.

Na kuharisha je? Miezi sita ni umri ambao kinga aliyoipata mtoto kwa mama yake inapungua, anaanza kupewa uji na vyakula vingine, anatambaa, na kila anachookota sakafuni hukitia kinywani. Meno na kuharisha vimekutana njiani tu. Kuota meno kunaweza kuleta udenda, muwasho wa ufizi na kununa kidogo. Homa inayopita nyuzi 38 ina sababu nyingine na inahitaji daktari, na kuharisha kunahitaji ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na zinki. Kiswahili chenyewe kina kumbukumbu ya hofu ya namna hii: neno "kigego" lilitumiwa kumtaja mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, naye aliogopwa kuwa ataleta nuksi. Mpangilio wa kuota hutofautiana kwa watoto, na aliyeanza na ya juu ameanza na ya juu, basi.

Utunzaji wenyewe ni mwepesi kuueleza kuliko kuufanya saa mbili usiku mtoto akiwa na usingizi. Kabla ya meno kuota, kitambaa safi kilicholoweshwa maji kinatosha kupangusa ufizi. Likichomoza jino la kwanza, mswaki laini wa mtoto uanze kazi siku hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi isiyopungua sehemu 1000 katika milioni, namba ambayo huandikwa kwenye kisanduku. Kiasi ni kama punje ya mchele mpaka afike miaka mitatu, na baada ya hapo kama punje ya njegere, au minji kama tuiitavyo Nairobi; ule utepe mrefu unaoonekana kwenye matangazo ni wa kuuza dawa. Mara mbili kwa siku, na kama mara moja ndiyo inayowezekana, iwe ya usiku, halafu asipewe kitu isipokuwa maji. Ateme povu bila kusukutua, ili floraidi ibaki kwenye meno, jambo ambalo siku za mgao wa maji ni nafuu pia kwa mtungi wa nyumbani.

Anayeshika mswaki ni mzazi. Mtoto wa miaka minne anaweza kuutafuna mswaki kwa furaha asiguse gego hata moja, na mikono yake haitakuwa na ustadi wa kutosha mpaka miaka saba au minane hivi, karibu na umri wa kujifunga kamba za viatu bila msaada. Njia iliyonifaa ilikuwa kuketi kitandani, mtoto akalala kichwa kikiwa mapajani pangu akitazama juu, nikamwinua mdomo kwa kidole na kuanza na magego. Magego yakishagusana, kati yao mswaki haupiti, na uozo mwingi huanzia hapo bila kuonekana. Uzi wa meno mara moja usiku unaingia pale. Mswaki wa mti unaouzwa barabarani Eastleigh unawafaa watu wazima wanaojua kuutumia, lakini kinywa cha mtoto wa miaka miwili ni kidogo kwake na hauna floraidi inayotosha.

Nikitaja floraidi Nairobi, swali huja mara moja: si ndiyo inayogeuza meno kuwa ya kahawia? Ndiyo, na hapana, na tofauti iko kwenye mlango inapopitia. Madoa ya kahawia tunayoyaona kwa watu waliokulia Nakuru, Naivasha na baadhi ya sehemu za Nairobi na Kiambu hutokana na floraidi nyingi iliyomezwa, hasa katika maji ya kisima, wakati enameli ya meno ya ukubwani ilipokuwa ikijengwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi. Meno ya mbele hujengwa katika miaka ya mwanzo kabisa. Miamba ya volkano ya eneo letu ina floraidi, na maji ya visima vilivyochimbwa ndani yake huweza kuzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Maji ya mfereji yatokayo mabwawa ya Ndakaini na Sasumua ni ya mito na mvua, na floraidi yake ni kidogo. Kwa hiyo mzazi anayeishi kwenye nyumba za kupanga zinazotumia kisima, au anayenunua maji ya bausa asijue yalikotekwa, ana haki ya kuuliza na kupimiwa. Kuyachemsha hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki. Mkaa wa mifupa huichuja, nao umetumiwa kwa miaka mingi upande wa Nakuru. Dawa ya meno ya ukubwa wa punje ya mchele, inayogusa jino kwa nje na kutemwa, ni habari nyingine, na kumnyima mtoto kwa hofu ya madoa ni kumwachia uozo.

Daktari wa meno afaa kumwona mtoto kabla hajatimiza mwaka, au mapema jino la kwanza likiota. Najua jinsi ushauri huu unavyosikika kwa mzazi anayehesabu nauli. Njia ya kati ni kutumia siku ambazo mtoto anapelekwa kliniki kwa lazima: chanjo ya surua hutolewa akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na mara hizo mbili mama anaweza kumwomba muuguzi auinue mdomo na kuangalia. Tundu likipatikana mapema kuna mengi ya kufanya bila kung'oa. Kuna dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, inayopakwa kwa brashi ndogo bila sindano wala kuchimba, ikasimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Kasoro yake ni kwamba hugeuza sehemu iliyooza kuwa nyeusi tii, jambo ambalo mzazi aambiwe kabla, si baada. Gego lililoharibika zaidi huvishwa kofia ya chuma, na hata kiini kikiwa kimeguswa upande wa juu, sehemu hiyo huweza kukatwa na iliyobaki ikafunikwa. Zipo siku ambapo kung'oa ndiko sahihi. Daktari akisema hivyo, swali la kumuuliza ni nafasi italindwaje.

Mambo mawili ya dharura yanachanganywa mara nyingi. Jino la utotoni likitolewa na ajali, lisirudishwe shimoni, kwa maana kulisukuma kunaweza kuliumiza lile lililo chini. La ukubwani ni kinyume: lishikwe upande wa taji, lisisuguliwe na chochote kamwe, lioshwe haraka kwa maji au maziwa likiwa chafu, lirudishwe mahali pake au litiwe kwenye maziwa, na mtoto akimbizwe kwa daktari ndani ya saa moja. Jino jipya la chini likichomoza nyuma ya la zamani hata kuwe na safu mbili, hiyo si dharura. La zamani likishatoka, mara nyingi ulimi hulisogeza mbele lile jipya, na la zamani ambalo halilegei kwa miezi kadhaa ndilo la kuoneshwa daktari.

Binti yangu lake la kwanza lilimsumbua wiki tatu. Shangazi yake alileta uzi wa kulifungia mlangoni, tukamkatalia. Jino likiwa tayari halihitaji mlango. Lilipotoka alitaka kulirusha juu ya paa kama alivyosimuliwa na nyanya yake, ila sisi tunaishi ghorofa ya tatu, na paa letu hatulifikii. Akalitupa kutoka baraza ya nyuma likaangukia mabati ya kibanda cha muuza mboga, likalia ti, akacheka na kufunika mdomo. Nilimwambia afungue nione. Ndani ya pengo, kwenye ufizi uliokuwa bado na damu kidogo, ulikuwa umekwisha kuonekana ukingo wa jino jipya, wa manjano kuliko nilivyotarajia, wenye vinundu vitatu kama msumeno.